Ukuta wa Skrini na Kioo cha Hadubini

Miaka michache iliyopita niliisoma tezi ya limfu ya kwapani ya mwanamke aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Sikuisoma kwa hadubini. Kioo chenye kipande cha tezi kilikuwa kimeshapigwa picha na skana, nami nilikuwa safarini, kwa hiyo niliifungua picha hiyo kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikaikagua kutoka kona hadi kona, kisha nikaandika katika rasimu ya ripoti kwamba tezi haina saratani. Siku iliyofuata mwenzangu alikiweka kioo kile kile chini ya hadubini, na kabla chai yake haijapoa akanipigia simu. Pembezoni mwa tezi, chini kidogo ya ganda lake, palikuwa na kundi la seli za saratani lenye upana wa milimita 0.3. Kwa bahati njema ripoti ilikuwa bado haijatoka.

Msomaji asiye wa fani hii aweza kuuliza kama milimita 0.3 ni jambo la kusumbuana. Ni jambo kubwa. Katika saratani ya titi, kundi la seli lisilozidi milimita 0.2 ndani ya tezi huhesabiwa kuwa ni seli zilizojitenga tu, na tezi huendelea kuandikwa kuwa haijavamiwa. Likivuka milimita 0.2 bila kuzidi milimita 2, huitwa uenezi mdogo. Hatua ya ugonjwa hubadilika katika ripoti, na daktari wa saratani hukaa na mgonjwa kwa mazungumzo mengine kabisa.

Niliporudi kwenye picha ile niliziona seli mahali pale pale alipozitaja mwenzangu. Skana haikuwa imekosea, wala rangi hazikuwa zimefifia. Kila kilichohitajika kilikuwamo ndani ya faili. Nilichokosa ni dirisha pana la kutazamia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wahandisi ambao tangu miaka ya 1990 wamejenga madirisha mapana kupita kiasi: kuta nzima zilizopangwa skrini, zinazoendeshwa na kundi la kompyuta lililofungwa pamoja na programu. Makala hii inaeleza programu hizo zinavyofanya kazi, jinsi wanapatholojia walivyozitumia, na kiasi gani cha elimu hiyo kinaweza kuingia katika chumba cha kawaida cha maabara.

Kioo kimoja kina nukta ngapi?

Picha ya kompyuta hufanywa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Skana ya vioo ikitumia lenzi ya mara 40, kwa kawaida kila pikseli hubeba robo ya mikromita, yaani milimita moja ya tishu hugawanywa katika pikseli 4,000. Tuseme kipande chetu cha tezi kina milimita 15 kwa 15. Upande mmoja utakuwa na pikseli 60,000, na picha nzima pikseli bilioni 3.6. Skrini ya kawaida ya ofisini ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili. Ili kuitandaza picha nzima kwa ukubwa wake kamili ningehitaji skrini za namna hiyo zaidi ya 1,700.

Bila shaka hakuna anayesoma hivyo. Sisi hushuka na kupanda: tunatazama kwanza kwa ukuzaji mdogo, tunachagua mahali, kisha tunakuza. Tatizo limo katika hatua ile ya kwanza. Nilipoifungua picha ienee yote kwenye skrini yangu, milimita 15 zilibanwa ndani ya pikseli 1,080, kila pikseli ikabeba mikromita 14 hivi, upana unaoimeza limfosaiti nzima. Kundi la milimita 0.3 likawa doa la pikseli 22, la zambarau juu ya zambarau. Nikikuza hadi kiwango kinacholingana na lenzi ya mara 10, kila pikseli ikiwa mikromita moja, doa hilo huwa na pikseli 300 na huonekana waziwazi. Lakini sasa skrini hubeba milimita 1.9 kwa 1.1 pekee, na kuipitia tezi nzima hudai vituo 112. Kila kituo ni kuburuta kipanya, kungoja picha itulie, na kukumbuka nilikotoka. Kituo kimoja kikirukwa, hakuna kengele inayolia.

Wapenzi wa hadubini watasema, na ni kweli, kwamba lenzi ya mara 10 nayo haionyeshi zaidi ya milimita mbili na ushei kwa wakati mmoja. Lakini chini ya hadubini kioo husogea pamoja na kidole bila kuchelewa hata kidogo, na mkono uliozoea kazi hiyo kwa miaka mingi hujua njia yake hata akili ikiwa imechoka. Kipanya hakijatufikisha huko. Wanaodhani kwamba kuhama kutoka hadubini kwenda kwenye skrini ni kubadili kifaa tu, hawajawahi kusoma tezi 20 mfululizo kwa kipanya.

Kuta zilivyoanza

Wahandisi waliojenga kuta za mwanzo hawakuwa wakifikiria tezi. Mwaka 1992 maabara ya taswira za kielektroniki ya Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago ilionyesha CAVE, chumba ambacho kuta zake zenyewe ni skrini zinazomzunguka mtazamaji. Waliokibuni ni Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti. Wakati huo picha za namna hiyo zilichorwa na kompyuta maalumu za bei ya kutisha. Kufikia mwisho wa muongo huo mambo yaligeuka, na waliochangia sana kuyageuza ni wapenzi wa michezo ya kompyuta: soko lao lilishusha bei ya kadi za michoro, hata kompyuta ya dukani ikaweza kufanya kazi ambayo awali iliachiwa mashine kubwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Princeton kilianza ukuta wa projekta nane, ambazo baadaye ziliongezwa zikawa 24. Projekta zina adha zake. Husogea kidogo kidogo kutoka mahali pake, na taa zake huchakaa kwa kasi tofauti. Skrini bapa ziliposhuka bei, wajenzi wengi walihamia huko.

Hapo idadi zikapanda. Chicago wakapanga skrini 55, kumi na moja kwa upana na tano kwa kimo, wakapata pikseli zaidi ya milioni 100. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikawa na ukuta wa skrini 70 ulioitwa HIPerSpace, na mwaka huohuo kituo cha kompyuta kuu cha Austin, Texas, kikasimamisha Stallion, skrini 75 zenye jumla ya pikseli milioni 307. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, kikawapita wote kwa Reality Deck: skrini 416, pikseli bilioni 1.5. Kwa kipimo cha tezi yetu, ukuta wa Texas ungehitaji kujazwa kama mara 12 tu ili kuionyesha yote kwa ukuzaji kamili, badala ya zile mara 1,700 na zaidi.

Nani achore nini?

Kununua skrini 75 ni suala la fedha. Kuzifanya zitende kama skrini moja ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo ni ya programu. Kwa kuwa kompyuta moja ya wakati ule haikuweza kubeba skrini zote, kila kompyuta katika kundi hupewa skrini chache za kuendesha, na kompyuta moja kiongozi hukaa pembeni kupokea maagizo ya mtumiaji. Swali ambalo kila programu ya ukuta hulazimika kulijibu ni hili: kiongozi apeleke nini kwa wenzake?

Jibu moja ni kupeleka amri za kuchora. Programu ya kawaida ikitaka kuchora umbo huiagiza kadi ya michoro, mara nyingi kwa lugha ya amri iitwayo OpenGL. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa WireGL, na mwaka uliofuata mrithi wake, Chromium. Programu hizi hukaa katikati kama karani wa posta: hupokea kila amri, huangalia itaangukia sehemu gani ya ukuta, kisha huipeleka kwa kompyuta inayohusika. Uzuri wake ni kwamba programu ya zamani haihitaji kuandikwa upya, kwa maana haijui hata kidogo kwamba inachora ukutani. Ubaya wake ni kwamba amri zikiwa nyingi, kama zile za kuchora umbo la mishipa ya damu ya ubongo lenye pembetatu milioni kadhaa linalobadilika kila wakati, mtandao husongwa.

Jibu la pili ni kinyume chake: kupeleka habari chache kadiri inavyowezekana. Kila kompyuta huwa na nakala yake ya programu na njia yake ya kuifikia data. Kiongozi hutangaza tu kwamba mtazamaji yuko mahali fulani na amekuza kiasi fulani, na kila kompyuta hukokotoa kipande chake yenyewe. Ni kama kwaya. Kiongozi hamwimbii kila mwimbaji sauti yake. Huinua mkono, na kila mmoja ana karatasi yake ya nota. CGLX, iliyotungwa San Diego kwa ajili ya HIPerSpace, ni ya ukoo huu. Ujumbe unaosafiri ni baiti chache, lakini programu lazima iandikwe kwa kusudi hilo, na data lazima ifikiwe na wote.

Jibu la tatu ni kupeleka pikseli zenyewe zikiwa zimekwisha kuchorwa. Hivyo ndivyo ilivyofanya SAGE, iliyotungwa Chicago ndani ya mradi wa OptIPuter, ulioanza mwaka 2002 chini ya uongozi wa Larry Smarr kwa nia ya kuziunganisha maabara za mbali kwa nyuzi za mwanga zenye uwezo mkubwa. Picha huchorwa popote, hata katika mji mwingine. Pikseli hukatwa vipande kulingana na mahali dirisha lilipo ukutani, na kila kipande huenda moja kwa moja kwenye kompyuta inayoendesha sehemu hiyo. Mtumiaji akilivuta dirisha kutoka kushoto kwenda kulia, mikondo ya pikseli hupangwa upya papo hapo. Kwa kikao cha madaktari wa saratani njia hii inavutia sana: picha za CT upande mmoja, kioo cha patholojia katikati, na uso wa mwenzako aliye mbali upande wa pili, kila kimoja kikitoka kwenye mashine yake bila mashine hizo kujuana. Bei yake hulipwa na mtandao. Picha ya pikseli milioni 100, kwa baiti tatu kila pikseli, ikichorwa mara 30 kwa sekunde bila kubanwa, ni gigabaiti 9 kila sekunde, sawa na gigabiti 72. Hata dirisha dogo la pikseli milioni mbili hudai gigabiti 1.5.

Kioo cha patholojia kina bahati moja ambayo mshipa wa damu unaodunda hauna: kimetulia. Picha yake haibadiliki. Kinachobadilika ni mahali tunapotazama. Kwa hiyo huhifadhiwa kama piramidi. Chini kabisa ni picha kamili ya pikseli 60,000 kwa upande. Juu yake nakala yenye nusu ya upana huo, juu yake tena nusu ya nusu, hadi kileleni ambako tezi nzima hutoshea ndani ya picha ndogo. Nakala zote za juu zikijumlishwa huongeza theluthi moja tu ya ukubwa wa picha ya chini. Kila ngazi hukatwa vigae, kwa mfano vya pikseli 256 kwa 256, na ngazi ya chini ya tezi yetu ina vigae 55,225. Mtazamaji akisimama mahali fulani, kila kompyuta ya ukuta huomba vigae vinavyoangukia kwenye skrini zake kwa ngazi inayohitajika, basi. Vingine vyote hubaki ghalani. DisplayCluster, programu iliyotungwa Texas, huonyesha picha za namna hii kwa njia hiyo. Programu tunazotumia leo kusoma vioo kwenye kivinjari hufanya jambo lilelile kwa skrini moja, na ndiyo sababu faili ambalo bila kubanwa lingefikia gigabaiti 10.8 hufunguka kwa sekunde moja au mbili.

Kungojana, na mbao za dirisha

Kompyuta za kundi hazilingani kasi hata zikiwa zimenunuliwa siku moja. Moja ina vigae vingi vya kupakia, nyingine imeangukiwa na sehemu tupu ya kioo. Kila moja ikionyesha kipande chake mara tu inapomaliza, ganda la tezi litaonekana limevunjika kwenye mpaka wa skrini kila picha inaposogezwa, na baada ya robo saa mtazamaji huumwa kichwa. Dawa yake ni kungojana. Kila kompyuta huchora kwanza katika kumbukumbu iliyofichika, hutoa taarifa kwamba iko tayari, kisha husubiri; zote zikishatoa taarifa, zote hubadili picha kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba ukuta mzima hutembea kwa mwendo wa kompyuta iliyo nyuma kuliko zote. Wajenzi wa kuta hutumia muda mwingi kumtafuta mchelewaji huyo.

Jambo linalonigusa zaidi kama mwanapatholojia ni kingo za skrini. Kila skrini ina fremu, na skrini mbili zikikaa ubavu kwa ubavu fremu zao hufanya mstari mweusi unaoipasua picha. Programu inaweza kuushughulikia mstari huo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuifanya picha iendelee nyuma ya fremu, kama vile tunavyoiona bustani kupitia dirisha lenye mbao: mistari iliyonyooka hubaki imenyooka, na ubongo huusahau ubao. Ya pili ni kutoficha kitu chochote, hivyo pikseli ya mwisho ya skrini moja hufuatwa mara moja na ya kwanza ya skrini jirani, ingawa kwa jicho picha huonekana imetanuliwa pale kwenye mpaka. Mchoraji wa ramani au mhandisi wa magari atapenda namna ya kwanza, kwani inapendeza.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme fremu mbili zilizokutana zina upana wa sentimita 3, na pikseli ya skrini ina robo ya milimita. Nyuma ya ubao huo zimelala pikseli 120. Tukitazama tezi kwa mikromita mbili kwa pikseli, kundi la seli la milimita 0.2 lina pikseli 100. Laweza kulala lote nyuma ya ubao bila kuacha hata upindo, na picha ikaonekana nzuri kabisa. Lile la milimita 0.3 lililonipita mimi, lenye pikseli 150, lingeacha ukingo mwembamba tu. Kwa kazi ya uchunguzi, basi, ukuta lazima ama usifiche kitu, ama msomaji awe na desturi ya kuisogeza picha kidogo kabla ya kusema amemaliza. Sipendi sana kuitegemea hiyo ya pili, kwa sababu desturi huvunjika siku ya kazi nyingi.

Rangi nazo zina fitina yake. Skrini mbili za aina moja, zenye umri tofauti, hazionyeshi wekundu mmoja. Tishu iliyopakwa hematoksilini na eosini husomwa kwa tofauti ndogo za zambarau na waridi, na kiini cha seli kikionekana cheusi zaidi kwa sababu tu kimevuka mpaka kwenda skrini ya jirani, jicho hudanganyika. Skrini zote hupaswa kupimwa na kusawazishwa mara kwa mara, kazi inayochosha na isiyosifiwa na mtu.

Walichokiona Leeds

Nchini Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Leeds, mwanapatholojia Darren Treanor na mtaalamu wa kompyuta Roy Ruddle walishirikiana kuuleta ukuta karibu na kazi yetu. Walitumia ukuta wa skrini 28 zenye jumla ya pikseli milioni 54, unaoendeshwa na kundi la kompyuta, wakatunga programu ya kusomea vioo juu yake na kuilinganisha na hadubini. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013 waliripoti kwamba muda wa kufikia uchunguzi kwa mfumo wao ulikaribiana na ule wa hadubini. Nililivutiwa nalo zaidi ni jambo la pembeni: wasomaji walitumia ukuzaji mkubwa zaidi kwenye mfumo huo kuliko kwenye hadubini. Eneo likiwa pana, mtu hahitaji kurudi nyuma ili ajue alipo.

Jambo hilo linaafikiana na utafiti wa Robert Ball, Chris North na Doug Bowman wa Virginia Tech, uliochapishwa mwaka 2007, ambao haukuhusu tiba. Kadiri skrini ilivyopanuliwa ndivyo watu walivyoacha kukuza na kusogeza picha kwa kifaa, wakaanza kutembea: kusogea karibu waone kwa undani, kurudi nyuma waone jumla, na kazi ikaenda haraka zaidi. Shingo na miguu ni vifaa vya kale ambavyo havihitaji mafunzo. Mtu akigeuza kichwa hapotezi kumbukumbu ya alikotoka, tofauti na anayeburuta kipanya.

Lakini utafiti wa kikundi cha Leeds ninaourudia mara kwa mara ni ule wa mwaka 2015, kwa sababu ulihusu tezi za kwapani hasa. Wanapatholojia tisa walisoma vioo kwa hadubini, kwa skrini moja ya pikseli milioni 2.3, na kwa skrini tatu zilizopangwa pamoja zenye pikseli milioni 11. Katika muda wa kuliona eneo la kwanza la saratani, skrini tatu hazikutofautiana na hadubini kwa kiwango cha kitakwimu, ilhali skrini moja ilichelewa dhahiri. Ila kwa muda wa kumaliza uchunguzi wote, hadubini iliendelea kuongoza. Watafiti walihitimisha kwamba pikseli nyingi husaidia pale mwanzoni, katika kutambua ni wapi pa kutazama. Inapobidi kuchambua kioo chote hatua kwa hatua, upana zaidi huenda usiongeze kitu.

Niliposoma hayo nilikumbuka doa langu la pikseli 22. Kosa langu lilikuwa na sehemu mbili, na ukuta ungeiponya moja tu. Dirisha jembamba lilininyima dalili ya mapema kwamba kuna kitu pembezoni. Lakini baada ya hapo nilipaswa kupita vituo vyote 112, na sina shaka kwamba nilivirusha baadhi. Hakuna idadi ya skrini inayomzuia mtu kuruka.

Chumba cha skrini tatu

Kuta kubwa zingalipo katika vyuo vya utafiti, ila sababu iliyozifanya zihitaji kundi la kompyuta imepungua nguvu. Skrini moja ya kiwango cha 8K ina pikseli milioni 33, na kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro huendesha skrini kadhaa bila msaada. Watu wa Chicago nao waliiandika upya programu yao mwaka 2014 kwa jina la SAGE2, wakaihamishia ndani ya kivinjari, hata kujiunga na ukuta kukawa sawa na kufungua ukurasa wa intaneti. Zile pikseli milioni 11 za utafiti wa 2015 ni skrini tatu za inchi 27 juu ya meza moja. Hicho ni kifaa ambacho idara ya patholojia katika hospitali ya rufaa inaweza kukifikiria bila kuomba msaada wa nje.

Kabla ya kukifikiria, hata hivyo, iulizwe kwanza picha zinatoka wapi. Tuchukulie kigae kimoja kilichobanwa kina kilobaiti 20. Skrini ya kawaida hujazwa na vigae 40 hivi, yaani kilobaiti 800. Skrini tatu zile hudai vigae 170 na zaidi, megabaiti 3.4 kila mara picha inaporukia mahali papya. Kama vioo vimehifadhiwa katika seva iliyomo ndani ya jengo, tofauti hiyo haionekani. Kama viko mbali, na kiungo cha intaneti hupitisha megabaiti moja kwa sekunde, skrini moja hungoja chini ya sekunde na skrini tatu hungoja zaidi ya tatu. Vituo vingi vya namna hiyo katika siku moja humrudisha msomaji kwenye uchovu ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Nimeshaona idara ikinunua skrini nzuri na kuziunganisha na mtandao dhaifu. Baada ya mwezi mmoja zilikuwa zikitumika kuonyeshea ratiba za zamu. Seva ya ndani na swichi nzuri ya mtandao zingestahili kununuliwa kwanza.

Skrini yenyewe pia si samani. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza mfumo wa kusoma vioo kidijitali kwa uchunguzi wa msingi, ule wa kampuni ya Philips, iliidhinisha mnyororo mzima: skana, programu na skrini iliyotajwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kiungo chochote katika mnyororo huo kinaweza kuificha seli.

Mimi sasa nina skrini mbili, si tatu. Tezi huifungua kwanza ienee kote, niitazame kwa dakika nzima bila kugusa kitu, nikitafuta pembezoni kabla ya katikati. Kisha hushuka hadi kiwango cha lenzi ya mara 10 na kupita safu kwa safu, huku programu ikinichorea kwenye picha ndogo ya kona njia niliyokwisha kupita, ili mahali paliporukwa pabaki peupe. Fremu ya katikati naikwepa: huisogeza tezi ikae upande mmoja, na ikizidi ukubwa huipitia mara mbili, mara ya pili ikiwa imesukumwa nusu skrini. Vioo vya tezi nisizoona kitu ndani yake huenda kwa mwenzangu na hadubini yake kabla sijatia sahihi.